Mathilde Asomwe Pamoja Nasi

Sogeeni karibu, wanangu, kwa maana sauti yangu haifiki tena mwisho wa chumba hiki, na maneno niliyo nayo si ya kupigiwa kelele. Lothar, vuta kiti ukae, usisimame hapo dirishani kama askari wa zamu. Kwa watu wa nje wewe ndiye mtawala wa Harsenau, lakini hapa kitandani kwangu wewe ni yule mtoto niliyekuwa nikimfuta kamasi. Hedwig, umesafiri kwa gari la moshi usiku na mchana ili unikute nina pumzi, nami nakushukuru. Yafute kwanza machozi, utayahitaji baadaye. Na wewe Feodora, mjukuu wangu, panda hapa miguuni pangu, uniwekee mkono juu ya mguu nijue kwamba upo, maana jicho langu la upande huo limeshazima. Daktari ameniambia nisiseme sana. Ni kijana mwema, lakini yeye hajabeba ninachokibeba mimi, na jungu kuu halikosi ukoko, niacheni nikwangue.

Yaliyo madogo niyamalize mapema, nisije nikakata roho katikati nikawaachia ugomvi. Lulu zangu, zile zilizotoka kwa mama yangu, ni za Feodora. Trine, aliyenichana nywele tangu zilipokuwa nyeusi, akae katika chumba chake cha sasa mpaka Mungu atakapomwita, na kuni zake za wakati wa baridi zisipunguzwe kwa kisingizio chochote. Mbwa wangu mpelekeni kwa mtunza bustani, wameshazoeana. Ile saa ya ukutani ya baba yenu, ambayo ninyi wawili mliigombania hata mkaacha kuandikiana barua, ni ya Hedwig; aichukue aende nayo, na atagundua hukohuko kwake kwamba saa hiyo haijasema kweli hata siku moja, inachelewa kama baba yenu alivyokuwa akichelewa chakula. Lothar, usikunje uso. Wewe umeachiwa nchi nzima, hata kama ni nchi ambayo jogoo akiwika mpaka wa huku anawaamsha watu wa mpaka wa kule. Mwachie dada yako saa mbovu.

Basi hayo ni mali, na mali husemeka. Ninalotaka kulisema sasa si siri. Kila mmoja wenu alikuwapo, alisimama pale niliposimama mimi, akasikia nilichosikia, na tangu siku hiyo hatujalitaja. Tunakula tumeinamisha macho kwenye sahani kama watoto walioiba sukari. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi kuzaa nimeshamaliza, lakini ninyi bado mna siku za kuishi, na sitaki mziishi mkiwa mmelifumbata jambo hili kama kaa la moto, kila mmoja akijidai kwamba haungui.

Mnajua jinsi nilivyolelewa. Kabla sijajua kusoma nilifundishwa mti wa ukoo wetu, nikiwa nimepakatwa na mama, kidole chake kikipita juu ya karatasi kubwa kutoka tawi hadi tawi, naye akinifanya nirudie majina mpaka ulimi ulegee. Nilijua nani ni binamu wa nani kutoka bahari ya kaskazini mpaka milima ya kusini, na sikujua jina la mtoto wa mpishi niliyecheza naye uani. Mimi na baba yenu Ottokar mama zetu walikuwa dada, mabinti wa Ravensholm. Wewe Lothar ukamwoa marehemu Sidonie, binti wa kaka yangu, kwa hiyo Feodora mimi ni bibi yako mzaa baba na tena ni dada wa babu yako mzaa mama. Na huyo Valdemar wa Ravensholm ambaye wanataka akuoe, mama yake ni binti wa dada yangu. Mti gani huo, wanangu, ambao matawi yake yanainama yote na kuingia tena shinani? Tuliuita usafi. Tulipomzika mtoto wa kwanza tukasema ni mapenzi ya Mungu, na wa pili tukasema hivyohivyo, na wa tatu, yule mdogo aliyekuwa akipata michubuko hata akiguswa na shuka, hatukusema kitu, tukateremka tu na kijeneza mpaka chumba cha makaburi ya ukoo, tukapanda tukanawa mikono.

Siku ile alikuja Bi Dorte Bruhn, mwokaji mikate wa pale sokoni, ambaye mnamjua, kuleta mikate ya msiba. Baba yenu alikuwa amekaa jikoni, maana ukumbini hakuweza kukaa, na yule mama akamwangalia kwa muda akamwambia, "Bwana Ottokar, unga wenu ni mzuri, sikatai, lakini mmeukanda wenyewe kwa wenyewe miaka na miaka bila hamira mpya, utaumukaje?" Baba yenu akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na Bi Dorte akamshika kichwa akakiegemeza kwenye aproni yake yenye unga, kama mtu anavyomshika mdogo wake. Alikuwa na haki ya kumshika, kwa sababu alikuwa shemeji yake.

Naam, shemeji. Hili mnalijua, lakini mnalijua kama watu wanavyojua habari za nyumba ya jirani. Kabla yangu, baba yenu alioa mke aliyempenda, Karoline Bruhn, mdogo wake Dorte, binti wa tanuri la mikate. Sheria ya nyumba yetu haikumruhusu kumwoa kama mtu anavyooa, basi wakamwoza kwa mkono wa kushoto. Mchungaji alisimama kanisani mbele ya Mungu akamwambia bwana harusi, huo wa kulia urudishe, toa wa pili. Akapewa mkono ambao hata mgeni wa mlangoni hapewi. Maana yake ilikuwa kwamba mke huyo ni mke kitandani lakini si mke mezani, na watoto wake hawatachukua jina la baba wala cheo wala kaburi. Karoline alimwachia binti mmoja, akafa kwa kifua. Binti huyo akabuniwa jina, akaitwa Bibi von Erlen, angali hajaota meno yote. Huyo ndiye Mathilde. Huyo ndiye dada yenu mkubwa, Lothar, Hedwig. Nimelitamka neno hilo, na dari haijatuangukia.

Nilipoletwa hapa nilikuwa msichana mdogo kuliko Feodora alivyo sasa. Ilikuwa baridi ya kupasua mawe, na kwenye karamu ya kwanza walinikalisha kichwani mwa meza, mabega wazi kwa mujibu wa mitindo, meno yakigongana. Hakuna aliyeliona hilo. Wote walikuwa wakichungulia kama nimeshika uma kwa namna ya nyumba yetu au ya kwao. Kule mwisho kabisa wa meza, baada ya daktari wa farasi na mwalimu wa dansi, alikuwa amekaa mtoto wa miaka sita hivi. Mtoto yule akateremka kitini, akainama chini ya meza, akatoka na tofali la moto alilowekewa miguuni pake, limefungwa kitambaa cha sufu, akalikumbatia akatembea nalo urefu wote wa ukumbi mpaka kwangu. Msimamizi wa meza akamwahi, akamwambia kwa upole wa baridi, "Bibi mdogo, mahali pako ni kule." Naye akajibu, "Najua, bwana. Nimemletea tu huyu anayetetemeka, halafu narudi." Akaliweka chini ya miguu yangu akarudi. Nikaona amekunja vidole vyake vya miguu ndani ya viatu, maana sasa baridi ilikuwa yake.

Wema hauozi, wanangu. Tofali lile bado lina joto, na ndilo linaloniunguza.

Mathilde alikulia humu, nusu ndugu, nusu mtumishi, kama popo ambaye ndege wanamwambia una meno na wanyama wanamwambia una mabawa. Lothar, wewe ulijifunza kutembea ukiwa umeshika sketi yake. Ulimwita Tilde. Ulipofikia umri wa kuanza masomo mwalimu wako akakuambia kuanzia leo utamwita Bibi von Erlen, nawe ulilia siku nzima, halafu ukazoea, na mtu akishazoea jambo kama hilo halimwumi tena. Hedwig, wakati ulipokuwa ukiogopa radi ulikimbilia chumba cha nani? Si changu. Chumba changu kilikuwa na walinzi wa desturi mlangoni, lakini chake kilikuwa wazi, na alikuwa na mazoea ya kuacha kipande cha keki ya asali dirishani kwa ajili ya mtu atakayekuja akilia.

Na alipoposwa, tulifanya nini? Bwana Rehbein, ofisa wa misitu, mtu mtaratibu, mwenye ndevu nyekundu, alikuja na kofia mkononi kumwomba. Baraza la ukoo likakaa likasema binti wa mtawala hawezi kuolewa na mpima miti. Binti wa mtawala! Siku ya kumkalisha mezani hakuwa binti wa mtawala, lakini siku ya kumpa mume akawa. Rehbein akahamia mbali. Mathilde akavua aproni mpya aliyokuwa amevaa siku ile akairudisha sandukuni, akaja chumbani kwangu, nami nilikuwa mjamzito wa Hedwig na miguu imevimba. Akapiga magoti akaanza kunikanda miguu kama kila jioni. Nikamwambia pole. Akaniambia, "Mtukufu, leo upande wa kushoto umevimba zaidi, nitaanza na huo." Hilo ndilo lote alilolisema.

Trine, nipe maji. Kidogo tu, yapite.

Sasa nimefika pale. Msiinamishe vichwa, mmeshaviinamisha vya kutosha.

Mwezi wa pili mwaka huu, wewe Hedwig ukiwa umekuja kututembelea, Feodora alishikwa na homa ya vipele vyekundu, na daktari akasema mtu yeyote asiingie. Sisi sote tulitii, kwa sababu tulikuwa na cheo cha kuhifadhi na tulikuwa na woga. Mathilde aliingia. Alikuwa mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe, akaingia na kigoda chake na kikapu cha soksi za kushona, akafunga mlango. Feodora, wewe mwenyewe umeniambia jinsi alivyokuwa akipoza uji kwa kuupuliza kando ili pumzi yake isiingie kijikoni mwako, na jinsi ulivyomwita shangazi usiku ule homa ilipopanda, naye akaitika. Ulikuwa umekatazwa kumwita hivyo tangu utotoni. Mungu akubariki kwa kusahau. Wewe ukapona, yeye akalala palepale ulipokuwa umelala wewe, akafa asubuhi ya Jumanne, theluji ikianguka.

Asubuhi hiyohiyo ikaja simu ya maandishi kutoka Ravensholm kwamba mjomba August amefariki. Mjomba August! Ni ndugu wa mama yangu, sawa, na ndugu wa mama yake baba yenu, lakini katika maisha yangu nilimwona mara moja, naye alikuwa amesinzia kitini, na kabla hajaamka gari letu likaondoka. Kwa ajili yake sheria ilituamuru tuvae nyeusi majuma sita, tutundike vitambaa vyeusi langoni, tuzime muziki, tufunge vito sandukuni. Nyumba zetu zimeoana hivi kwamba kila mwezi yuko binamu wa mtu anayekufa mahali fulani, na nguo nyeusi hazipati nafasi ya kuliwa na nondo. Kwa Mathilde sheria haikutupa hata utepe mweusi wa mkononi. Nilimwuliza mkuu wa itifaki, akajibu kwa adabu kwamba Bibi von Erlen hayumo katika daraja lolote la maombolezo. Nami nikanyamaza. Nawe Lothar ulinyamaza. Akazikwa pale uwanja wa kanisa la mji, kando ya ukuta, karibu na mama yake, na sisi tukapeleka gari tupu. Hivyo ndivyo desturi yetu inavyoruhusu kwa watu wa chini: farasi waliofungwa vizuri, mapazia yameteremshwa, ndani hamna mtu. Watu wa mji waliliona gari lile likifuata jeneza, wakalipisha njia kwa heshima. Mtu gani hulipisha njia gari tupu, ila mtu anayeamini kwamba nyuma ya pazia kuna anayelia?

Kesho yake wakapanda kilima. Tulikuwa mezani tulipoambiwa kuwa kuna watu uani. Tukatoka ngazini sote wanne, tumevaa nyeusi toka juu mpaka chini kwa ajili ya mjomba August. Ule uwanja ulikuwa umejaa. Akina mama ambao Mathilde aliwazalisha, watoto aliowafunga vidonda, yule mzee kiziwi wa kinu cha maji ambaye alikuwa akimsomea gazeti kwa kumwandikia maneno makubwa. Wameshika mashada ya majani ya msonobari. Mbele yao Bi Dorte, mgongo umeshapinda, na keki ya matanga mikononi, ile anayooka kwa ndugu wa marehemu peke yao. Akapanda ngazi moja moja. Tulimtazama akipanda, na hakuna hata mmoja wetu aliyeteremka kumpokea.

Akasema, na ninyi mlimsikia, "Watukufu, tumekuja kuwaomba radhi. Pale sokoni tulikuwa tukisema hamtamlilia mtoto wetu, tukawasema vibaya, na mimi ndiye niliyesema kuliko wote. Halafu tumeona vitambaa vyeusi langoni. Tusameheni. Kumbe mlimjua ni wenu."

Mtu mmoja tu ilitosha aseme, Mama, hapana. Neno hilo lilikuwa jepesi kulisema. Badala yake wewe Lothar ukasema kwa sauti ya hotuba, "Tunawashukuru kwa kushiriki majonzi yetu." Hedwig akapokea keki. Mimi nikanyoosha mkono, na mama yule akaubusu, na midomo yake ilikuwa ya moto juu ya glavu nyeusi. Feodora peke yake ndiye aliyekuwa akilia, naye hakuwa akimlilia August. Sisi watatu tulisimama pale tukavikwa wema ambao hatukuufanya, tukasamehe watu ambao hawakutukosea. Heri wangetupiga mawe. Nimezika mume, nimezika watoto, lakini sijawahi kujisikia mdogo kama nilivyokuwa pale juu ya ngazi, nimewazidi wote kwa kimo.

Ngojeni. Ngojeni nipumue.

Baada ya siku chache gazeti likatoa tangazo la maombolezo ya mjomba August, na mji ukasoma. Nilikaa nikingojea mikate isije. Ikaja asubuhi kama kawaida, ina moto. Nikamtuma Trine sokoni asikilize, nami nilikuwa na hofu kama mwizi. Akarudi akanieleza. Watu walijaa katika duka la mikate wakimwuliza Bi Dorte, wengine kwa uchungu, na bwana mmoja akamtania kwamba amembusu mkono mtu aliyekuwa akimlilia mzee wa nchi nyingine. Yule mama hakuinua macho kwenye unga wake. Akawaambia, "Ninyi hamwajui wakubwa. Wale wanaona haya kulia mbele za watu, basi wamemtanguliza mjomba kama pazia. Niliwaona machoni, mimi. Walikuwa wakimlilia Mathilde." Wakachukua mikate yao, wakaenda.

Alisema uongo, wanangu. Mama mcha Mungu, aliyefiwa na mtoto wa ndugu yake, alisimama mbele ya mji wake akatoa ushahidi wa uongo ili atusitiri. Sisi wenye ngao ya simba mlangoni tumesitiriwa na aproni ya mwokaji. Mara ngapi nimetaka kushuka kwenda kwake, nikavaa na kofia, halafu nikaivua tena. Si kwa uzee, ni kwa haya.

Kwa hiyo hili ndilo ninalolitaka, na ni moja. Mwezi huu kuna Jumapili ya Marehemu, na majina ya waliokufa mwaka huu yatasomwa kanisani, kwanza ya nyumba yetu, watu wote wakiwa wamesimama, kisha ya watu wa mji. Nataka Mathilde asomwe pamoja nasi. Asomwe Mathilde, binti wa Ottokar, dada wa Lothar na wa Hedwig. Mfanyeni Bi Dorte awe amesema kweli, kabla naye hajafa na uongo aliousema kwa ajili yetu.

Lothar, najua jibu lako, maana ulishanipa. Uliniambia kwamba Ravensholm wametuma mtu wa kuchunguza nasaba, kwamba wakisikia tumemtaja mtoto wa mkono wa kushoto katika orodha ya nyumba watasema sheria yetu imevunjika, na posa ya Feodora itarudi. Uliniuliza, "Mama, mmoja ameshakufa na mwingine ni mwanangu aliye hai, unataka nimchague nani?" Sikukujibu siku ile kwa sababu swali lako halikuwa la mtu mbaya. Ni swali la baba, na wewe ni baba mwema. Nimekuona ukimfunika mtoto huyu shali bila yeye kujua. Lakini leo nakujibu. Huyo uliye naye hai, yuko hai kwa sababu ya yule aliyekufa. Huwezi kumjengea mwanao nyumba kwa kumfukia aliyemtoa kaburini. Na kama Ravensholm wataondoka kwa kusikia jina la mwanamke mmoja mwema, waache waondoke, na tuwapungie leso. Udugu ni kufaana, si kufanana, nasi tumekaa karne nzima tukifanana.

Na tena, mwanangu, kuna jambo ambalo hakuna aliyelifanya. Feodora, hujaulizwa. Nakuuliza mimi. Huyu Valdemar, ukiwa peke yako, unamfikiria? Usinijibu kwa sauti, nibonyeze mguu tu. Mm. Basi. Limebaki kati yangu na wewe, utalisema siku utakapokuwa tayari, na baba yako atakusikiliza, maana moyo wake si wa jiwe, umefunikwa tu na makaratasi ya ukoo. Lakini jina la shangazi yako lisingoje harusi yako, iwepo au isiwepo.

Sikulazimishi, Lothar. Mtawala ni wewe, na orodha ya nyumba inasomwa kwa idhini yako. Lakini kuna jina moja ambalo amri yake bado ni yangu, nalo ni langu mwenyewe. Leo asubuhi nilimwita mchungaji, Trine akiwapo, nikamwambia kwamba mimi nitakuwa marehemu wa mwaka huu, na kwamba pale atakapomsoma Mathilde, hapohapo anisome mimi baada yake. Akimsoma juu, na mimi juu. Akimsoma chini, kati ya mjane wa mfinyanzi na yule mtoto wa mwenye kivuko, basi na mimi chini, bila cheo, Adelgunde tu. Mchungaji alitoka jasho, maskini. Lakini ameniapia kwa Biblia.

Hivyo ukitaka mama yako asomwe kifalme, unajua la kufanya. Na usipotaka, sitakulaani. Nitakuwa mahali pazuri.

Baridi imeingia, au ni mimi. Hedwig, nifunike. Asante, mwanangu, una mikono ya taratibu, sikuwahi kukuambia. Nisikilizeni bado kidogo. Msinifungie vitambaa vyeusi kwa majuma mengi. Yule mzee kiziwi wa kinu... mtu aendelee kumwandikia gazeti. Na Bi Dorte, atakapoleta keki ya matanga yangu, ateremke mtu... ateremke mtu ngazi zote ampokee chini.

Mungu awalinde mtokapo na mrudipo. Hedwig, akupe usingizi. Lothar, akupe kutoogopa. Wewe tangu mdogo uliogopa kuudhi watu, si ubaya, ni woga tu, na woga hupona. Feodora, akupe nyumba yenye mlango wazi, na watoto... watoto wenye mashavu mekundu, wa damu yoyote atakayopenda Yeye. Wote nawabariki, nawapenda, niliwapenda kwa utaratibu mno, hilo nalo mnisamehe.

Sioni tena dirisha. Ni nani huyo aliyepiga magoti? Usiseme kitu sasa, mwanangu, sitaki ahadi ya kitandani, ahadi za kitandani ni za kumfurahisha mgonjwa. Ngoja mpaka Jumapili ile. Mtakuwa juu, roshanini petu. Sikilizeni tu. Mkisikia mchungaji ametaja Mathilde... msikohoe, msigeuke... ngojeni kidogo.

Linalofuata ni langu.